Bega la Suti Likikataa, Usilipe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wanaume wanaokwenda dukani kununua suti iliyokwisha kushonwa, pamoja na wale wanaowauzia. Sisi ni mafundi cherehani, na kazi yetu ni kurekebisha suti za dukani ili zimkae vizuri aliyezinunua. Mikono iliyozidi urefu, kiuno kipana, suruali inayoburuta chini, hayo yote yana dawa. Linalotuuma ni koti lililolipiwa fedha ya maana, shughuli imebaki siku mbili, na ubovu wake uko mahali ambapo hatuwezi kuugusa bila kulifumua koti zima. Ubovu wa namna hiyo huonekana pale pale dukani, mbele ya kioo, ikiwa mnunuzi anajua pa kutazama.

Wanunuzi wengi huanza na rangi, wakaja kwenye bei, wakamalizia na nembo iliyoshonwa ndani. Tunawaomba waanze na mabega. Koti likikukaa mabegani, kifuani na shingoni, mengine tuachieni sisi. Likikataa bega, hata kama rangi ndiyo uliyoiota na bei imeshushwa nusu, liache.

Namna ya kulipima bega ni hii. Vaa koti juu ya shati, simama wima bila kujikaza, mikono ining'inie yenyewe. Mshono unaounga mkono na mwili wa koti unatakiwa ufike pale mfupa wa bega unapoishia, usiupite. Koti likiwa pana, pedi, yaani kile kimto cha ndani ya bega, hutokeza nje ya mfupa, na chini yake, mwanzoni mwa mkono, kitambaa huzama kama kimebonyezwa kwa kidole gumba. Likiwa jembamba, nyama ya mkono husukuma kitambaa na kufanya uvimbe chini ya mshono, na mgongoni kitambaa huvutika kutoka bega moja hadi la pili. Ukiwa na shaka, simama ubavu karibu na ukuta, uusogelee polepole. Kinachotakiwa kugusa ukuta kwanza ni mkono wako. Ikitangulia pedi, rudisha koti kwenye henga uombe saizi ndogo.

Kwa nini tunang'ang'ania bega? Ndani yake kuna mambo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya koti: kitambaa cha nje, kitambaa kigumu cha kulishikilia umbo, pedi, utepe unaozuia mshono usivutike, pamba nyembamba inayokijaza kichwa cha mkono, na bitana juu ya yote. Isitoshe, kichwa cha mkono hukatwa kikiwa kikubwa kidogo kuliko tundu kinakoingia, na ile ziada hukusanywa kwa sindano na mvuke mpaka ilale bila kuonyesha rinda. Fundi akitaka kupunguza bega hulazimika kutoa mkono, kutoa pedi, kukata upya, kisha kuurudisha mkono kwenye tundu ambalo umbo lake si lile tena. Ni kazi ya kutwa nzima, na hata ikifanywa na mkono mzoefu haina hakika. Kulipanua bega ndiko hakuwezekani kabisa, maana kiwanda hakiachi akiba ya kitambaa pale.

Muuzaji anaweza kukuambia kwamba pedi itapunguzwa. Pedi ikipunguzwa, bega linashuka kimo. Upana unabaki vile vile, na kitambaa kilichokuwa kimeshikiliwa na pedi kinalegea na kujikunja. Kuna kasoro moja tu ya bega ambayo isikutishe. Watu wengi wana bega moja lililo chini kidogo kuliko jingine, na kwenye koti hilo hujionyesha kwa mkunjo wa mshazari unaoshuka kuelekea kwapa la upande mmoja tu. Tunaongeza pedi nyembamba upande uliolala, na mkunjo unaondoka.

Baada ya bega, tazama shingo. Kola ya koti inatakiwa iguse kola ya shati pande zote za shingo, na kwa nyuma shati lichungulie juu ya koti kwa sentimita moja hadi moja na nusu. Nyanyua mikono kama anayechukua kitu juu ya kabati, halafu ishushe. Koti zuri litapanda na kurudi mahali pake. Likibaki limeachana na shingo hata baada ya wewe kutulia, koti hilo halikukatwa kwa mgongo wako: pengine wewe umeinama kidogo, nalo limekatwa kwa mtu aliyenyooka. Mara chache nafasi hiyo huzibwa kwa kuifupisha kola, lakini chanzo kikiwa ni namna mgongo ulivyokatwa, itarudi. Tofauti ni ule mkunjo wa kulala unaojitokeza chini kidogo ya kola, kati ya mabega. Huo huondoka kwa kuishusha kola kidogo, na fundi yeyote anayejua makoti ataifanya kazi hiyo.

Kifua nacho kina kipimo chake. Funga kifungo kimoja tu: cha juu kama koti lina viwili, cha katikati kama lina vitatu. Cha chini kabisa hakifungwi, kwa kuwa koti la siku hizi limekatwa likae wazi pale. Ukikifunga, nyonga inabanwa na mbele yote inapinda. Sasa tazama lile eneo la kifungo ulichofunga. Mikunjo ikisambaa kutoka hapo kwa umbo la herufi X, koti limekubana. Kiganja kilichonyooka kinatakiwa kupita kati ya koti na shati bila kusukuma. Ngumi ikiingia na bado kuna nafasi, koti ni kubwa. Itazame pia lapeli, ile sehemu ya kola inayolala kifuani. Ikituna na kuacha kifua badala ya kulala juu yake, kifua cha koti ni kidogo, na hilo hatuwezi kulitibu. Kiuno cha koti ni habari nyingine. Tunaweza kukipunguza kwa sentimita 3 hadi 5 kupitia mishono ya pembeni na ya mgongoni bila kuharibu sura, na kukiachia sentimita 1 au 2 kutegemea akiba iliyoachwa ndani. Kwa hiyo mwenye kifua kipana na kiuno chembamba anunue kwa kufuata kifua. Afanyaye kinyume, akafuata kiuno, atabaki na koti lisilofungika.

Hapa tueleze namba, maana zinawachanganya wengi. Namba ya koti katika mtindo wa Uingereza na Marekani ni mzunguko wa kifua kwa inchi. Ya Ulaya bara inakaribia nusu ya mzunguko huo kwa sentimita. Ndiyo maana koti la 40 ni karibu sawa na la 50: inchi 40 ni kama sentimita 102. Kwa kawaida ukitoka namba ya Uingereza kwenda ya Ulaya unaongeza 10. Herufi zinazofuata namba hueleza urefu: S ni fupi, R ni ya kawaida, L ni ndefu, na huo urefu unahusu mwili wa koti pamoja na mikono. Jipime ukiwa na shati tu, tepu ipite chini ya makwapa na juu ya mifupa ya mgongoni, mikono ikiwa imeshushwa, bila kutunisha kifua. Anayejipima amejaza pumzi hununua koti la mtu mwingine. Na namba yenyewe ikusaidie kuanza tu, kwa kuwa kila kiwanda kina ramani yake ya kukatia. 40 ya mmoja inaweza kukubana na 40 ya mwingine ikakupwaya.

Suti zinazouzwa koti na suruali pamoja zina jambo jingine la kuangalia. Kiwanda hukadiria kwamba kiuno cha mnunuzi ni pungufu ya kifua chake kwa inchi 6, kwa hiyo koti la 40 huja na suruali ya 34. Wapo wanaotengeneza kwa tofauti ya inchi 7 au 8 kwa ajili ya wenye miili ya mazoezi. Mwenye kitambi tofauti yake inaweza kuwa inchi 2 tu, na mnyanyua vyuma akawa na 10. Watu hao watafute duka linalouza koti na suruali mbalimbali, kila kimoja kwa namba yake. Kupunguza kiuno cha suruali kwa inchi 4 ili kuokoa suti ya pamoja ni kosa tunaloliona mara kwa mara: mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kugusana, na mishono ya pembeni inakimbilia nyuma ya mapaja.

Mikono ya koti iishie kwenye mfupa wa kifundo, ili shati litokeze sentimita moja hadi moja na nusu. Kuipunguza kwa chini ni kazi ndogo, mradi isizidi sentimita 2 au 3, vinginevyo vifungo vinasogea ukingoni. Lakini chunguza vifungo vyenyewe. Makoti mengi yana matundu ya bandia, uzi tu uliodariziwa. Yakiwa matundu halisi yanayofunguka, hayawezi kuhamishwa, na mkono itabidi upunguzwe kutokea begani, na ugumu wa bega tumekwisha kuueleza. Anayehitaji kuurefusha apapase kwa ndani apate upindo. Aghalabu kuna sentimita 2 hadi 4 za akiba. Kwenye kitambaa cheusi au kilichopigwa pasi sana, alama ya mkunjo wa zamani inaweza kubaki.

Urefu wa mwili wa koti tunashauri uupate dukani ukiwa sawa. Koti lifunike makalio. Kwa kipimo kingine, nusu ya umbali kutoka chini ya kola hadi sakafuni ndiyo iwe urefu wa mgongo wa koti, na kupungua au kuzidi kidogo si neno. Fundi akikata zaidi ya sentimita 2, mifuko inaonekana imeshuka karibu na pindo na ule mviringo wa mbele unapotea. Mipasuo ya nyuma nayo ikae imefumba ukiwa umesimama. Ikiachama, nyonga zimebanwa.

Sasa tuingie ndani ya koti, mahali ambapo bei hujificha. Mbele ya kila koti, kati ya kitambaa cha nje na bitana, kuna kitambaa kigumu kinachokipa kifua umbo. Kwa utaratibu wa zamani ni kanvasi iliyofumwa kwa sufu na singa za farasi, ikashikizwa kwa mishono milegevu ili iweze kucheza na mwili. Makoti ya bei nafuu hutumia kitambaa kilichobandikwa kwa gundi na joto. Katikati yapo makoti ya nusu kanvasi: kanvasi ya kweli kifuani na kwenye lapeli, gundi kuanzia hapo kwenda chini. Gundi si haramu. Ikibandikwa vizuri hudumu miaka. Ubaya wake ni kwamba ikiachia, imeachia: kitambaa cha nje kinafanya malengelenge kifuani, hasa baada ya pasi ya moto mkali au kufuliwa kwa dawa mara nyingi, na hakuna fundi wa kuyaondoa yasirudi.

Kupima dukani hakuhitaji chombo. Kwanza finya kitambaa cha mkono wa koti ili vidole vijue unene wa kitambaa kikiwa peke yake. Kisha shika upande wa mbele wa koti, chini kidogo ya tundu la mwisho la kifungo, kidole gumba nje na kingine ndani, uyavute matabaka mawili yaachane. Ukihisi tabaka la tatu linateleza katikati, koti lina kanvasi mpaka chini. Ukihisi mawili tu, na la nje ni gumu kuliko lile la mkono, hapo kuna gundi. Rudia kifuani, ukiipata kanvasi huko na gundi chini, ni nusu kanvasi. Lapeli nayo husema: yenye kanvasi hujikunja kwa mviringo mlaini kuelekea kifungo, ya gundi hulala bapa kama karatasi. Kwa maoni yetu, anayenunua suti ya kuvaliwa kazini wiki nzima, nusu kanvasi ndiyo inayorudisha fedha yake. Anayeihitaji mara mbili kwa mwaka atosheke na ya gundi iliyomkaa vizuri, badala ya ya kanvasi inayompwaya.

Kuhusu kitambaa, soma lebo ndogo iliyo katika mfuko wa kifuani wa upande wa ndani, kwa maana lebo kubwa ya nje ni ya kupendezea. Sufu hupitisha hewa, hunyonya jasho, na ikikunjamana hujinyoosha ikining'inizwa usiku mmoja. Poliesta haili hela nyingi na haikunjamani upesi, lakini huhifadhi joto, hung'aa kwenye viwiko na makalio baada ya muda, na pasi ya moto huiyeyusha. Mchanganyiko wenye poliesta kidogo unakubalika kwa suruali ya kazi, kwa kuwa huongeza uimara. Kitani ni kizuri kwa joto, ila anayekivaa akubali mikunjo. Hakuna kitani kisichokunjika. Kipime kitambaa kwa kukikamata ngumini na kuhesabu hadi kumi: sufu nzuri itafunguka yenyewe, dhaifu itabaki na makunyanzi.

Kuna neno Super lenye namba mbele yake ambalo wauzaji hulipandisha sana bei. Namba hiyo inaeleza wembamba wa unyoya wa sufu, basi. Kwa kanuni ya International Wool Textile Organisation, shirika la kimataifa la nguo za sufu, Super 100 ni unyoya ambao unene wake hauzidi wastani wa mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Super 120 usiozidi 17.75, na Super 150 usiozidi 16.25, kila namba ikipanda kwa 10, unene unashuka nusu mikroni. Haisemi chochote kuhusu ushonaji, wala uzito, wala namna kitambaa kilivyofumwa. Unyoya mwembamba ni laini na una mng'ao mzuri, lakini hukunjamana upesi na hulika upesi kwenye mapaja. Kwa mvaaji wa kila siku, Super 100 hadi 120 inatosha sana. Ulizia zaidi uzito wa kitambaa: gramu 230 hadi 280 kwa mita ni wa kuvalika majira mengi, zaidi ya 340 ni wa baridi. Kwa anayeishi penye joto, mwambie muuzaji unataka sufu iliyofumwa wazi na koti lenye nusu bitana. Bitana nzima ya poliesta ndani ya sufu nzuri inaua faida yote ya ile sufu, na wanunuzi wengi hawaigeuzi wakaisoma.

Rangi tutaipitia haraka. Suti ya kwanza iwe ya buluu iliyoiva au kijivu cha mkaa; zinaingia kazini, harusini na msibani. La muhimu ni mwanga. Omba ruhusa usogee na koti dirishani au mlangoni, kwani taa za dukani hugeuza buluu ikaonekana nyeusi, na zinaficha tofauti kati ya koti na suruali zilizotoka majora mawili tofauti. Kama kitambaa kina mistari au drafti, angalia kama mistari inakutana kwenye mfuko, kwenye mshono wa mgongo na pale kola inapokutana na mgongo. Kiwanda kilichojali hapo kimejali na kwingine.

Suruali ivaliwe mahali itakapokaa siku zote, usiipandishe kwa ajili ya kioo. Mifuko ya pembeni ikiachama, nyonga zimebanwa. Marinda yakifunguka ukiwa umesimama, vivyo hivyo. Keti. Kuna watu wananunua suruali bila kuketi nayo, wakajua tatizo wakiwa ukumbini. Mshono wa nyuma, wa katikati, ndio wenye akiba. Geuza ndani uone ni sentimita ngapi za kitambaa zimebaki kila upande, maana kiuno hakiwezi kuachiwa zaidi ya hapo. Kukipunguza, tunaweza hadi sentimita 5. Umbali wa kutoka msambani hadi kiunoni hatuwezi kuuongeza: suruali iliyokaa chini mno itabaki chini mno. Pindo la suruali bora huachwa bila kushonwa, ili lipimwe na viatu. Anayetaka upindo wa kukunjwa kwa nje, wa sentimita 4 hivi, ahakikishe kuna sentimita 10 za ziada chini ya urefu anaoutaka.

Jambo ambalo wengi hulijutia baadaye: suruali hufa kabla ya koti. Hulika kati ya mapaja, kwenye ncha za mifuko na nyuma ya pindo inaposugua kiatu. Suti ya kazini inunuliwe na suruali mbili, siku moja, kutoka jora moja. Ukirudi baada ya miaka miwili kutafuta ya pili, hata kama muuzaji atakuonyesha namba ile ile ya kitambaa, rangi ya jora jipya haitalingana na koti lililokwisha kuona jua na sabuni ya dobi.

Nenda dukani wiki tatu au nne kabla ya siku unayoihitaji. Vaa shati la kola lenye mikono mirefu, beba viatu utakavyovaa na hiyo suti, na toa simu na pochi mifukoni. Muuzaji akisimama nyuma yako akalishika koti kwa mkono ili mbele lionekane limekukaa, mwombe aachie. Tunasema haya bila kumtuhumu mtu. Wengine huonyesha tu fundi atakapopunguza. Lakini unachokiona kwenye kioo wakati ule ni mkono wake, koti bado hujaliona. Kisha mpe mtu simu akupige picha mgongoni, umesimama kama unavyosimama kila siku. Mgongo ndio upande ambao wenzako wataukodolea macho na wewe hutauona kamwe.

Suti ikifika nyumbani, fumua uzi wa msalaba kwenye mipasuo ya nyuma, na uzi unaofunga mifuko ya nje kama unataka kuitumia. Ondoa lebo iliyoshikizwa juu ya mkono wa koti. Iliwekwa kwa ajili ya dukani. Tumia mkasi mdogo wenye ncha, usivute, kitambaa kitatoboka.

Kwa wenye maduka tuna maombi matatu. Wekeni kioo cha pili nyuma ya mteja. Mnapouza suti ya pamoja, andikeni wazi tofauti kati ya namba ya koti na ya suruali, na mruhusu suruali ibadilishwe saizi inapowezekana. Na marekebisho yachorwe kwa chaki na pini mteja akiwa amevaa na viatu vyake miguuni, yaandikwe kwenye risiti kwa sentimita, sehemu kwa sehemu, kabla fedha haijapokelewa, na mteja avae tena siku ya kuchukua. Neno "litarekebishwa" peke yake kwenye risiti halimwambii fundi kitu, na anapokosea hakuna wa kujua nani alisema nini.

Ni sisi,
Mafundi wa kurekebisha suti